Shahidi Mmoja Akawashinda Kumi: Kesi ya Kapenguria na Wale Waliokataa Kunyamaza

Najua nimepotea. Test zimefuatana kama mabehewa ya treni, bumu linasemwa "wiki ijayo" kila wiki, na kimbweta chetu cha kusomea kimevamiwa na mwaka wa kwanza. Ila kuna jambo limenikaa kichwani siku kadhaa sasa, nikaona nisipoliandika nitalala nalo mpaka UE. Leo ni historia tupu, kwa hiyo anayetaka umbea wa bweni asubiri wiki ijayo.

Mnajua ninasoma ualimu, Historia na Kiswahili. Kwenye desa letu la harakati za uhuru Afrika Mashariki, kesi ya Kapenguria imepewa mstari mmoja: "Kenyatta alifungwa 1953, akaachiwa 1961." Basi. Mwanafunzi akikariri hivyo kwenye mtihani anapata maksi yake na maisha yanaendelea. Mimi nikajiuliza: miaka minane? Kwa kosa gani? Kwa ushahidi upi? Na kama watu walijua kesi ile ina walakini, walifanya nini? Nilipoanza kufuatilia nikakuta kisa ambacho mstari mmoja hauwezi kukibeba.

Kabla sijafika huko, niseme kwa nini kimenigusa. Mimi kwetu Milepa. Kwa wasiopajua, ukitoka Sumbawanga mjini unaiacha nyanda ya juu, unashuka milima ya Lyamba lya Mfipa mpaka masikio yanazibuka, unaingia bonde la Ziwa Rukwa kwenye joto lake. Hapa chuo ukishasema tu unatoka Sumbawanga, kesi imekwisha. "Usije ukanitupia radi." "Huyu msimkope, mtaamkia juu ya paa." Jina lenyewe Sumbawanga wazee wanasema maana yake ni "tupa uchawi", yaani mji unakuamuru uache mambo hayo mlangoni, lakini watu wanasikia neno la pili tu. Nacheka nao, mazoea. Ila kwetu jambo hili halina kichekesho sana. Kuna bibi vizee Rukwa na mikoa mingine ya huku bara waliopoteza maisha kwa sababu mtu mmoja alisema "ni yule", na wengine wakaona hiyo inatosha. Kwa hiyo nikisoma habari ya mtu kuhukumiwa kwa neno la mdomo mmoja, sisomi kama hadithi ya mbali.

Sasa tuingie Kenya.

Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Mkuu Waruhiu, mtu wa serikali, alipigwa risasi akafa. Gavana Evelyn Baring alikuwa ndiyo kwanza ameingia nchini. Tarehe 20 mwezi huohuo akatangaza hali ya hatari, na usiku uleule viongozi wa Waafrika wakazolewa majumbani. Jomo Kenyatta, rais wa chama cha KAU, alikuwa mmoja wao. Hatimaye sita ndio waliopelekwa mahakamani pamoja: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Shtaka kuu lilikuwa kuongoza Mau Mau, chama kilichokuwa kimepigwa marufuku tangu Agosti 1950.

Serikali ilikuwa na tatizo moja: ushahidi. Kenyatta alikuwa ameilaani Mau Mau hadharani kwenye mkutano mkubwa pale Kiambu, Agosti 1952, mbele ya maelfu ya watu. Unamfungaje mtu kama huyo? Jibu lao lilikuwa kuchagua mahali, kuchagua hakimu na kuchagua shahidi.

Mahali palikuwa Kapenguria, kaskazini magharibi kabisa, nchi ya Wapokot. Hakukuwa na reli wala hoteli, na kuingia eneo lile kulihitaji kibali. Washtakiwa walipelekwa kule, wakakamatwa upya palepale ili kesi ionekane ni ya hukohuko. Mahakama yenyewe ilikuwa chumba cha darasa. Mawakili walilala Kitale, kama kilometa 40 hivi, wakawa wanakwenda na kurudi kila siku kwenye vumbi. Na kwa sababu ya ubaguzi wa wakati ule, mawakili weusi na Wahindi hawakuweza kulala hoteli moja na mwenzao Mzungu. Hebu fikiria, mnatetea watu watakaofungwa miaka, na jioni hamuwezi hata kukaa meza moja kupanga maswali ya kesho.

Timu ya utetezi ilikuwa ya ajabu kweli. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, wakili mkubwa kutoka London. Kutoka India alikuja Chaman Lall, mbunge. Kutoka Nigeria alikuja H. O. Davies. Wa hapohapo Kenya walikuwamo A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Na sisi Watanganyika tulikuwa na wetu, kwa namna ya kusema: Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa na ofisi yake ya uwakili Moshi. Kabla ya kuwa wakili alirusha ndege za Waingereza kwenye vita vya pili, na baadaye sana akaja kuwa waziri wa mambo ya nje wa kwao Jamaica. Kila nikipita Moshi stendi sasa nitamkumbuka.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu, aliyeitwa kwa kazi ile moja. Baadaye sana majalada ya kikoloni yalipofunguliwa, wanahistoria wakakuta kwamba wakati kesi inaendelea Thacker alikuwa akiwasiliana na Gavana kwa siri, na kwamba Gavana alimtafutia malipo ya pauni 20,000. Kwa pesa ya wakati ule hiyo siyo posho ya kikao. Alipomaliza kusoma hukumu aliondoka Kenya.

Vituko vilikuwa vingi. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, yuleyule wa mafuvu ya Olduvai tunayemsoma kwenye chimbuko la binadamu. Kikikuyu alikijua kama mwenyeji, lakini alikuwa mtu wa upande wa serikali na mwandishi wa vitabu vya kuipinga Mau Mau. Pritt akalalamika kwamba tafsiri inaegemea upande mmoja, na Leakey akajitoa. Pritt mwenyewe alipotuma simu ya maandishi London kuwaambia wabunge kwamba haki inanyimwa, akashtakiwa kwa kudharau mahakama. Akashinda.

Sasa shahidi. Aliitwa Rawson Macharia. Alisema tarehe 16 Machi 1950, nyumbani kwa watu huko karibu na Gatundu, alimwona Kenyatta kwa macho yake akiwalisha watu kiapo cha Mau Mau, naye mwenyewe akatakiwa kula. Angalia tarehe hiyo: ni miezi mitano kabla chama hakijapigwa marufuku. Upande wa utetezi ukaleta watu waliotajwa kuwa walikuwapo pale. Mmoja baada ya mwingine wakasema hapana, hakukuwa na kitu kama hicho. Walifika kumi.

Kumi kwa mmoja. Na Thacker kwenye hukumu yake hakuficha. Aliandika, kwa maana, kwamba anajua uamuzi wake unamfanya awakatae mashahidi kumi wa utetezi na kumwamini mmoja wa mashtaka, na kwamba hasiti kufanya hivyo. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikaenda kuchota maji. Najua kisheria idadi siyo hoja, shahidi mmoja mkweli anatosha kuwashinda waongo hamsini. Lakini hapo lazima umpime huyo mmoja kwa mizani kali kuliko wote. Anapata nini? Ameahidiwa nini? Haya maswali hayakupata jibu pale darasani Kapenguria.

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita wakatiwa hatiani. Miaka saba, kazi ngumu. Kenyatta akasimama akamwambia hakimu kwamba hawakubali kuwa wana hatia, na kwamba kinachonyongwa pale ni KAU, chama pekee cha siasa cha Mwafrika. Rufaa zilikatwa. Ya kwanza kabisa walishinda kwa hoja ya mamlaka ya mahakama, serikali nayo ikakata rufaa juu yake ikashinda. Oneko aliachiwa kwenye rufaa, lakini hakwenda nyumbani, akawekwa kizuizini tu. Baraza la Malkia kule London, ngazi ya mwisho, likakataa hata kuwasikiliza. Kufika 1954 njia ya mahakama ilikuwa imefungwa.

Hapa wadau ndipo sehemu ninayoipenda inaanza, maana desa letu linaruka kutoka 1953 hadi 1961 kama vile Waingereza waliamka siku moja wakajisikia vizuri.

Miaka ya kwanza ilikuwa kimya. Kutaja jina la Kenyatta hadharani kulikuwa hatari. Wafungwa walikuwa Lokitaung, jangwani Turkana, karibu na mipaka ya Sudan na Ethiopia. Nani angewafikia? Uingereza kulikuwa na watu wachache kama mbunge Fenner Brockway waliopiga kelele za makoloni bungeni na kwenye mikutano, lakini ndani ya Kenya midomo ilikuwa imeshonwa.

Kitu cha kwanza kilichovunja ukimya kilitoka gerezani kwenyewe. Mwaka 1958 wafungwa wa Lokitaung walifanikiwa kutoa barua kulalamikia hali zao, na Juni mwaka huo gazeti la The Observer la London likaichapa. Karatasi moja tu. Wiki chache baadaye Oginga Odinga akasimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba hao mnaowaita wahalifu, Waafrika bado wanawaheshimu kama viongozi wao. Ukumbi ukalipuka. Wazungu wakapiga kelele. Cha kuuma zaidi, hata baadhi ya wajumbe Waafrika wenzake wakajitenga naye, maana waliona amewaharibia. Odinga hakuwa Mkikuyu wala hakufungwa naye. Alikuwa Mjaluo wa Nyanza aliyeona kwamba ukimkana mtu aliyefungwa kwa uonevu, kesho utakanwa wewe.

Halafu likaja bomu lenyewe. Novemba 1958 Rawson Macharia, yule shahidi, akala kiapo kingine, safari hii cha maandishi. Akasema ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa uongo. Akasema aliahidiwa na serikali tiketi ya ndege, masomo Uingereza na kazi akirudi. Na kweli Uingereza alikwenda kusoma. Kulikuwa na barua ya ahadi hiyo, na hakuna aliyeweza kusema imebuniwa.

Sasa ninyi mngedhani serikali ingefanya nini? Ifungue kesi upya? Ilimshtaki Macharia. Siyo kwa uongo wa mwaka 1952, la hasha, bali kwa kusema mwaka 1958 kwamba alidanganya! Pritt akarudi kutoka London kumtetea mtu yuleyule ambaye ushahidi wake uliwafunga wateja wake. Macharia akatiwa hatiani mwaka 1959, miezi 21. Yaani aliposema maneno ya kumfunga Kenyatta alipewa tiketi, alipoyafuta akapewa jela. Baadaye akaandika kitabu chake mwenyewe kuhusu kesi ile, kikatoka 1991.

Lakini kesi hiyo ya Macharia ilifanya kazi ambayo rufaa zote hazikuweza. Ile barua ya ahadi ilisomwa mahakamani na magazeti yakaandika. Mtu wa kawaida Nairobi, Kisumu au Mombasa hakuhitaji kusoma sheria ili aelewe. Alijua ushahidi ulinunuliwa.

Kuanzia hapo kampeni ikawa ya watu. Kuna mmoja nataka mmjue, maana hatajwi kwenye silabasi: Ambu Patel, Mhindi wa Nairobi, mtu wa kujalidi vitabu. Huyu aliipokea familia ya Kenyatta kama yake. Margaret, binti wa Kenyatta, alikaa nyumbani kwa Patel na mkewe wakati watu wengi waliogopa hata kumsalimia. Patel alianzisha kamati ya kudai Jomo aachiwe, akakusanya saini, akachapa picha na vijikaratasi, akaandika barua huku na huko, na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima cha kumbukumbu za mapambano hayo. Mtu wa gundi na uzi! Hakuwa wakili wala mwanasiasa mkubwa.

Kaulimbiu ikawa "Uhuru na Kenyatta", maneno matatu ambayo mama sokoni anaweza kuyabeba. Chama cha KANU kilipozaliwa 1960 kilimchagua Kenyatta kuwa rais wake akiwa bado kizuizini, serikali ikakataa, ikabidi James Gichuru ashike nafasi. Gavana mpya Patrick Renison akatangaza Mei 1960 kwamba Kenyatta ni kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na kwenye mauti. Maneno hayo yalimpandisha Kenyatta chati kuliko mikutano mia. Uchaguzi wa Februari 1961 KANU ikapata viti 19, KADU 11, na KANU ikagoma kuunda serikali mpaka mtu wao aachiwe. Aprili Kenyatta akahamishiwa Maralal, waandishi wa habari wakaruhusiwa kumwona kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Tarehe 14 Agosti 1961 akarudi Gatundu. Juni 1963 akawa waziri mkuu, na 12 Desemba mwaka huo Kenya ikawa huru.

Kwa hiyo kilichomtoa Kenyatta ni nguvu ya watu, siyo hukumu ya mahakama. Hata sheria ilibidi irekebishwe ili mtu aliyewahi kufungwa miaka mingi namna ile aruhusiwe kuingia Baraza la Kutunga Sheria, naye akaingia Januari 1962. Hilo ni la kufurahia na pia la kutia wasiwasi. Kama jina lako siyo Kenyatta je?

Hapa ndipo lazima niwe mkweli, maana historia ya kusifia tu ni ngonjera. Jambo la kwanza: kesi kuwa ya uonevu haimaanishi wote sita walikuwa watu wa kuimba kwaya tu. Kubai na Kaggia walikuwa kwenye mrengo mkali wa harakati, na baadaye wenyewe hawakuona haja ya kuficha. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba Kenyatta ndiye hakuwa kiongozi wa Mau Mau, na ndiye serikali ilimtaka kuliko wote. Lakini huwezi kumfunga mtu kwa ushahidi wa kununua halafu ukajitetea kwamba "lakini kuna kitu alikifanya". Ukiruhusu hilo, mahakama inakuwa kama yale maneno ya bwenini: ushahidi ni mahali unapotoka.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wakati dunia inatazama Kapenguria, kulikuwa na mahakama nyingine za hali ya hatari zikiendelea bila Pritt. Mwanahistoria David Anderson alipitia majalada ya kesi hizo akahesabu watu 1,090 walionyongwa katika miaka ile. Elfu moja na tisini. Wengi walihukumiwa kwa makundi, kwa ushahidi wa mtu mmoja au wawili, wengine wakitambuliwa gizani. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, kosa lake mahakamani likiwa kukutwa na silaha. Wengine hata majina yao sisi hatuyajui. Macharia wao alikuwa nani? Aliahidiwa nini? Maiti hairudi kudai rufaa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kipindi kile. Ni kitu, ila hayo yalikuwa mateso ya waliobaki hai.

Na Tanganyika? Pritt huyohuyo alikuja Dar es Salaam mwaka 1958 kumtetea Mwalimu Nyerere, aliyeshtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya kwenye jarida la Sauti ya TANU. Alipatikana na hatia, akapewa kuchagua faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela. Akalipa. Mwalimu naye alikuwa na watu nyuma yake.

Sasa niwapeleke kwa asiye na watu nyuma yake. Kuna Mtanzania anaitwa Alex Thomas, ambaye jina lake liko kwenye vitabu vya sheria Afrika nzima na hapa kwetu ni wachache wanaolijua. Alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika mahakama ya Rombo, mwaka 1998. Sehemu ya kesi ilisikilizwa yeye akiwa hayupo kwa sababu ya ugonjwa, na hakuwahi kupewa wakili. Alihangaika na rufaa miaka na miaka, mwishowe shauri lake likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, akisaidiwa na Umoja wa Mawakili wa Afrika. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama hiyo ikaamua kwamba haki yake ya kujitetea ilivunjwa. Wafungwa wengine wa Tanzania wakafuata njia ileile. Kisha Novemba 2019 serikali yetu ikajitoa kwenye lile tamko linaloruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye hilo likaanza kufanya kazi. Mahakama yenyewe iko Arusha, ukipanda daladala unafika, lakini mlango ule ukawa umefungwa kwa mwananchi.

Haki itendwe basi humuhumu ndani. Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa mpaka vijijini. Ni hatua. Lakini sheria ikiwa kwenye karatasi na mwananchi hajui, ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini.

Kijijini kwetu kuna mzee mmoja alifungwa kwa wizi wa ng'ombe. Mahakama sitaitaja. Siku zote alisema siku ile alikuwa juu Ufipa kwenye msiba, na watu wa huo msiba wapo. Hakuna aliyewaita. Sijifanyi jaji, pengine wangekuja na kesi ingeisha vilevile. Kinachoniuma ni kwamba ndugu zake waliamini rufaa ni ya wenye pesa za wakili, wakakaa wakilia, siku zikapita, na walipopata mtu wa kuwaeleza ilikuwa muda umekwisha. Hata kwamba muda unaweza kuombewa kuongezwa hawakujua. Mzee akamaliza kifungo chote. Alirudi, anafuga kuku sasa, hataki kuona ng'ombe.

Nikiipima kesi ya Kapenguria na ya mzee huyu naona tofauti siyo ukubwa wa uonevu. Kapenguria kulikuwa na mtu wa kutoa barua gerezani, mtu wa kusimama barazani, mtu wa kukusanya saini, mtu wa kumpokea mtoto wa mfungwa nyumbani. Kila mmoja alifanya kipande chake. Odinga hakungoja Macharia akiri, alisema mapema wakati bado ni hatari. Patel hakungoja kuwa wakili. Huo ndio mpangilio wa kampeni yoyote ya namna hii, iwe ya rais au ya mfuga kuku: uliza shahidi alipata nini, tafuta wale ambao hawakuitwa, andika, na usiiache familia peke yake.

Nisiwachoshe. Wengi wetu mwezi ujao tunakwenda field, na baadaye tutapangiwa shule ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Kule mwalimu ndiye anayesomewa kila barua ya serikali inayoingia kijijini, mnajua. Kwa hiyo andikeni mahali, hata nyuma ya desa. Hukumu ya mahakama ya mwanzo, rufaa kwenda wilaya ni ndani ya siku 30. Hukumu ya jinai ya mahakama ya wilaya, notisi ya kukata rufaa ni siku 10, na rufaa yenyewe siku 45. Aliye jela anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, hahitaji wakili kwa hilo. Siku mama mmoja atakapokuja ofisini na karatasi imekunjwa mara nane, akakuambia "mwalimu, nisomee hii, mwanangu wamemfunga jana", usimwambie wewe ni wa Kiswahili na Historia. Hesabu siku naye.